Abishaye Bila Hodi: Hadithi ya Kutisha na Msomaji Wake

Utanzu wa hadithi za kutisha haukupewa jina lake kutokana na mambo yanayosimuliwa, kama ilivyo kwa riwaya ya upelelezi ambayo lazima iwe na uhalifu na mtu wa kuufichua, bali kutokana na hali inayokusudiwa kumpata msomaji, na kwa sababu hiyo mwandishi wake hana pa kujificha. Kitabu chenye majini, makaburi na usiku wa manane ambacho hakikumtisha yeyote kimeshindwa kazi yake, hata kama lugha yake ni nzuri kiasi gani, na hadithi ya kurasa kumi isiyo na jini wala kaburi, lakini inayomfanya mtu mzima ainuke kitandani kuhakikisha kwamba mlango umefungwa, imetimiza yote iliyoahidi.

Hapo ndipo linapozuka swali lililowashughulisha wanafikra kwa karne nyingi, yaani kwa nini mtu atafute kwa hiari yake hisia ambayo katika maisha ya kila siku hufanya kila awezalo kuikwepa. Aristotle, katika Poetics, kitabu chake kuhusu ushairi na tamthilia, alikwisha kuona kwamba watu hufurahia kutazama picha iliyochorwa kwa ustadi ya mambo ambayo wangeumia kuyaona mbele yao, kama vile maiti au mnyama wa kuchukiza. Mwaka 1757 Edmund Burke alidai kwamba hofu, mradi hatari yenyewe isisogee karibu mno, huweza kuzaa furaha ya aina yake. Mwanafalsafa Mmarekani Noël Carroll, katika kitabu alichokitoa mwaka 1990, aliligeuza swali hilo kuwa kitendawili chenye pande mbili: msomaji huogopa kitu anachojua kuwa hakipo, na tena hukifuata mwenyewe, kwa fedha zake na kwa usingizi wake.

Majibu ya wanasaikolojia huanzia mwilini. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala, ambayo hushughulika na dalili za hatari, na utafiti wa Joseph LeDoux umeonyesha kwamba habari za hatari huweza kuifikia kwa njia mbili, moja ya haraka na isiyo makini, nyingine ya polepole inayopitia kwanza sehemu za ubongo zinazopambanua mambo. Mwili huweza kujiandaa kukimbia kabla akili haijajua unakimbia nini, na ndiyo maana msomaji aliyezama kitabuni huruka paka anapoangusha sufuria jikoni, kisha akajitambua, akacheka, akaendelea kusoma huku moyo ukimdunda. Mdundo huo ni wa kweli ingawa hatari haikuwepo, na hatari inapokosekana nguvu iliyoamshwa hubaki bila kazi, ikageuka kuwa uchangamfu.

Watafiti wa Denmaki walilipima jambo hili katika nyumba ya vitisho, yaani jengo ambalo wageni hulipa ili washtuliwe na waigizaji waliojivika sura za kutisha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walifuatilia mapigo ya moyo ya wageni 110 na kuwauliza walivyofurahi, wakakuta kwamba furaha haikuongezeka moja kwa moja kadiri hofu ilivyoongezeka. Waliotishwa kidogo mno walichoka upesi, waliotishwa kupita kiasi walitaabika, na starehe kubwa kuliko zote ilikuwa katikati, hata mstari wa grafu ukapanda na kushuka kama kilima. Kumbe anayefuata hadithi ya kutisha hatafuti hofu nyingi iwezekanavyo, bali anatafuta hofu anayoweza kuishika mwenyewe na kuiachia atakapo.

Tofauti ya hofu inayoshikika na ile isiyoshikika inajulikana vyema kwa watu wa Zanzibar waliokuwepo mwaka 1995, wakati habari za Popobawa zilipoenea Pemba na kisha Unguja. Kiumbe huyo alisemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala ndani ya nyumba, na familia nzima zilitoka kulala nje, pamoja na majirani, kandokando ya moto. Katika hali hiyo hakukuwa na starehe yoyote, kwa kuwa hakukuwa na kitabu cha kufunga wala ukurasa wa kuruka. Kisa kile kile, kikisimuliwa leo barazani baada ya sala ya isha, huwasisimua wasikilizaji na kuwafanya vijana wasogeleane, na kilichobadilika kati ya usiku ule na baraza hii si maneno ya kisa, bali ni ule ua usioonekana uliopo kati ya msikilizaji na jambo linalosimuliwa.

Hata hivyo, nadharia ya ua na nadharia ya mdundo wa moyo, pamoja na ukweli wake, haziwezi kueleza kwa nini hadithi moja hutisha na nyingine haitishi. Simba ni hatari kuliko mlango, lakini simba wa kitabuni mara nyingi humsisimua msomaji bila kumtisha, ilhali mlango wa kitabuni umewahi kuwanyima watu usingizi. Jibu la fumbo hilo haliko katika kipimo cha mapigo ya moyo. Liko katika ufundi wa kusimulia, na ufundi huo hauwezi kuonekana ila kwa kuitazama hadithi moja kwa karibu.

W. W. Jacobs, Mwingereza aliyejulikana zaidi kwa visa vyake vya kuchekesha kuhusu mabaharia na watu wa bandarini, alichapisha mwaka 1902 hadithi fupi iitwayo The Monkey's Paw. Kiini chake ni mkono wa tumbili uliokaushwa, ulioletwa kutoka India na askari mmoja, na uliosemekana kuwa na uwezo wa kuwatimizia watu watatu maombi matatu kila mmoja. Mzee White, anayeishi na mkewe na kijana wao Herbert katika nyumba ndogo yenye moto mzuri wa kuotea, anauchukua mkono huo na kuomba pauni 200 ili amalize deni la nyumba. Kesho yake anafika mgeni kutoka kiwanda anachofanyia kazi Herbert, akasimama langoni akisitasita, kisha akaeleza kwamba kijana amenaswa na mitambo na amefariki, na kwamba kampuni, ingawa haikubali lawama yoyote, inawapa wazazi kiasi cha fedha kwa kuthamini utumishi wake. Kiasi hicho ni pauni 200.

Mwandishi mwingine angeishia hapo, akawa amepata hadithi safi kuhusu tamaa, lakini Jacobs anaendelea, na ni katika mwendelezo huo kitisho kinapozaliwa. Siku kadhaa baada ya mazishi, usiku, mama anakumbuka kwamba yamebaki maombi mawili, na anamshurutisha mumewe aombe mtoto wao awe hai tena. Baba anatetemeka, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuona mwili, nao ulikuwa umeharibika hata ukatambulika kwa nguo tu, lakini anaomba. Kwa muda hakuna kinachotokea, na mshumaa unafika mwisho wake na kuzimika. Mzee anashuka ngazi kutafuta mwanga, kiberiti kinamzimikia mkononi, na wakati huo huo mlango wa mbele unabishwa kwa sauti ndogo kiasi kwamba karibu isisikike.

Kuanzia hapo kila kitu kinachosimuliwa ni cha kawaida kabisa. Mama anakimbilia mlangoni, anafungua mnyororo, analivuta komeo la chini kwa taabu, halifikii la juu, anamwita mumewe aje amsaidie. Mume yuko chumbani juu, amepiga magoti gizani, akipapasa sakafu kuutafuta ule mkono, na kutoka huko anasikia kiti kikiburutwa na kuegemezwa mlangoni, kisha anasikia komeo la juu likianza kulegea, huku mlango ukiendelea kubishwa kwa nguvu hadi nyumba nzima ikavuma. Anaupata mkono, anaomba ombi la tatu, na kubisha kunakoma ghafla. Mlango unafunguka, upepo wa baridi unaingia, na nje, chini ya taa ya mtaa, barabara ni tupu.

Hakuna neno hata moja katika hadithi hiyo linalomweleza aliyekuwa nje. Sura yake na hali ya mwili uliokwisha kukaa kaburini siku zote hizo ni mambo ambayo msomaji anayaunda mwenyewe, kwa kuwa Jacobs amempa habari ya nguo na mitambo kurasa kadhaa nyuma na kumwacha aihesabu. Jambo zito zaidi ni kwamba anayelivuta komeo hasukumwi na uovu bali na mapenzi ya mama, na msomaji, ambaye amemwona akilia, anamtakia mtoto wake wakati ule ule anapotamani kiti kiteleze na komeo ligome. Hofu ya namna hiyo haiwezi kuletwa na simba, kwa sababu hakuna anayempenda simba aliye nje ya mlango wake.

Ann Radcliffe, mwandishi Mwingereza wa riwaya za majumba ya kale na siri zake, alikwisha kuugusa ufundi huu katika insha iliyochapishwa mwaka 1826, miaka mitatu baada ya kifo chake, alipotenganisha hisia mbili ambazo kwa kawaida huchanganywa. Ya kwanza inaweza kuitwa hofu ya kungojea, inayoletwa na jambo lisiloonekana wazi, ambayo kwa maoni yake huipanua nafsi na kuamsha uwezo wake wote, na ya pili ni mshtuko wa kuona, unaoletwa na kitisho kilichowekwa hadharani, ambao huikunja nafsi na kuigandisha. Radcliffe mwenyewe, hata hivyo, hakuivumilia hofu ya kungojea hadi mwisho. Katika riwaya yake ya mwaka 1794, The Mysteries of Udolpho, msichana Emily anafunua pazia, anaona kitu, anazimia, na msomaji anasubiri mamia ya kurasa kabla ya kuambiwa kwamba kile kitu kilikuwa umbo la nta. Msomaji anayefika hapo huhisi kama aliyenyang'anywa, kwani pazia lilikuwa na nguvu ambayo nta haikuwa nayo.

Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu njia hiyo ya kufafanua mambo ya mizimu, kwa kuwa ndiyo iliyofuatwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyotoka mwaka 1960 na kumtambulisha mpelelezi Bwana Msa. Mauaji yanatokea penye mzimu, yaani mahali pa kutambikia, na watu wako tayari kuyahusisha na pepo, lakini Bwana Msa, kwa utulivu na akili kali, anaonyesha kwamba kosa ni la binadamu. Tofauti na Radcliffe, Abdulla hamnyang'anyi msomaji kitu, kwa sababu riwaya yake inatafuta haki tangu mwanzo, na haki haiwezi kumshtaki pepo. Ila inafaa kusemwa kwamba mafanikio yake makubwa yaliipa riwaya ya Kiswahili ya siri mwelekeo wa kuwasha taa mapema, na hofu ya kungojea, ambayo masimulizi ya mdomo yalikuwa nayo kwa wingi, haikupata katika vitabu nafasi iliyostahili.

Ushahidi wa wingi huo ni ngano moja inayosimuliwa kwa sura nyingi pwani na bara. Wasichana wanakwenda ufukweni kuokota kombe, na wakiwa njiani kurudi mmoja anakumbuka kwamba amesahau kombe lake zuri kuliko yote, anarudi peke yake, na huko anakutana na zimwi, jitu lilalo watu. Zimwi halimli. Linamtia ndani ya ngoma, linaifunga, na linazunguka nayo kijiji hadi kijiji, na kila linapoipiga, ngoma inaimba kwa sauti ya mtoto, watu wanacheza na kulilipa chakula. Siku moja linafika, bila kujua, katika kijiji cha wazazi wa msichana. Ngoma inapigwa, wanakijiji wanacheza, na katikati ya uwanja mama mmoja anaacha kucheza kwa sababu ameitambua sauti.

Ngano hiyo ina mwisho mwema, kwani wazazi hulilevya zimwi kwa chakula na pombe, humtoa mtoto, na hujaza nyuki na nyoka ndani ya ngoma, lakini watoto wengi walioisikia usiku huikumbuka zaidi ile sauti kuliko wale nyuki. Sigmund Freud, katika insha ya mwaka 1919, alilijadili neno la Kijerumani unheimlich, lenye mzizi unaomaanisha nyumbani, na kueleza kwamba hofu ya ndani kabisa haitoki kwa mambo mageni bali kwa jambo lililozoeleka ambalo limerudi likiwa si lile tena. Sauti ya mtoto ni jambo la nyumbani kuliko yote, na ngoma ni chombo cha furaha. Ni kukutana kwao tu, mtoto ndani ya ngoma na watu wakicheza juu ya kilio chake, ndiko kunakosisimua vinyweleo. Waswahili walilijua jambo hilo bila Freud, na methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, ingawa hutumiwa kama faraja, imebeba ndani yake habari ya kuogofya zaidi, kwamba zimwi linaweza kukujua.

Habari za mumiani, zilizotanda Afrika Mashariki enzi za ukoloni, zilifuata mkondo huo huo. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, ya mwaka 1939, inalieleza neno hilo kuwa ni dutu nyeusi mfano wa utomvu inayotumiwa kama dawa, na inaongeza kwamba wengi waliamini ilitengenezwa kwa damu ya watu waliouawa. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha jinsi uvumi huo ulivyowahusisha hata wazimamoto na magari yao mekundu. Aliyeogopwa hakuwa bwana wa ngome ya mbali, kama Dracula wa Bram Stoker wa mwaka 1897, bali mtu mwenye sare na mshahara, aliyepita mtaani mchana na kusalimiwa.

Carroll alitoa maelezo mengine yanayosaidia hapa, naye alisema kwamba kiumbe wa hadithi ya kutisha huogopesha na kutia kinyaa kwa sababu anavunja mipaka ya makundi ambayo akili huyatumia kupanga ulimwengu: yu hai na amekufa, ni mtu na ni mnyama, ni mzima na ni vipande. Maelezo hayo, katika lugha nyingi, hubaki kuwa ya kifalsafa, lakini katika Kiswahili yanagusa sarufi yenyewe, kwa kuwa Kiswahili huyapanga majina katika ngeli, yaani makundi yanayotambulishwa kwa viambishi, na kitenzi kwa kawaida hulazimika kutamka kundi la kitu kinachotenda. Kiumbe hai, hata jina lake likianza kama la vitu, kwa mfano kiboko au kifaru, husemwa kwamba anakuja. Kitu husemwa kwamba kinakuja. Mpaka kati ya a na ki ni mpaka kati ya walio hai na visivyo hai, na msimulizi anayeuvuka kwa makusudi hahitaji kueleza meno wala kucha.

Wasimulizi wa zamani waliutumia uwezo huo. Zimwi katika ngano lina akili, linasema, linadai malipo, lakini mara nyingi halisemwi kwamba anadai. Husemwa kwamba linadai, kwa kiambishi kile kinachobeba jabali na pango. Jini naye huyumba, mara amempanda mtu, mara limempanda, na msikilizaji makini anaweza kujua kutokana na kiambishi hicho kama msimulizi anamheshimu au anamwogopa. Mwandishi wa leo anayetaka kutisha kwa Kiswahili hana haja ya kuazima ngome wala ukungu wa Ulaya wakati kitenzi chake cha kwanza tayari kinaweza kumwondoa mtu katika ngeli ya watu.

Mtihani mzuri ni kuifikiria hadithi ya Jacobs ikitafsiriwa. Katika Kiingereza, baba anapomsihi mkewe asifungue, hatumii kiwakilishi cha mtu bali cha kitu, na mama anamjibu kwa sauti kwamba anamwogopa mwanawe mwenyewe. Katika Kiswahili ugomvi huo mzima huingia ndani ya silabi moja: mama anasema anabisha, baba anasema kinabisha, na wote wawili wanazungumzia mkono ule ule unaobisha kwenye mbao zile zile. Msimulizi, akitaka kuwa mwaminifu, hawezi kumwunga mkono yeyote kati yao, na kimbilio lake pekee ni kauli ya kutendwa: mlango unabishwa.

Tena kuna jambo ambalo msomaji wa Jacobs nchini Uingereza hakuweza kulisikia kama atakavyolisikia msomaji wa Kiswahili. Mgeni wa Kiswahili hapigi mlango tu. Hupiga hodi kwa sauti, husubiri aitikiwe karibu, na kwa sauti hiyo aliye ndani humjua kabla ya kumwona, na wazee wengi wa pwani huwakataza watoto kuitika usiku kabla sauti haijatambuliwa. Anayebisha nyumbani kwa Mzee White habanduki na hanyamazi kubisha, lakini tangu mwanzo hadi mwisho hapigi hodi wala haiti jina la mama yake. Komeo la juu linatoka, kiti kinasukumwa kando, mlango unafunguliwa, na barabara ni tupu chini ya taa, kabla ya yeyote kujua kama pale nje palikuwa na mtu aliyekuwa anabisha au kitu kilichokuwa kinabisha.